Ufuatiliaji wa Miaka Mingi wa Wanaotumia ARV Magharibi ya Kenya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu anayehudhuria CCC (kliniki ya VVU inayotoa ARV, dawa za kudhibiti virusi) ambaye ameombwa kuingia kwenye utafiti, jamaa yake anayetaka kujua mwenzake anaingia wapi, na karani au muuguzi anayejaza fomu. Hayachukui nafasi ya daktari wako.

Utafiti wa kufuatilia ni upi, na una tofauti gani na majaribio ya dawa?

Katika majaribio ya dawa watafiti ndio wanaoamua nani apewe nini, mara nyingi kwa kura, kisha makundi yanalinganishwa. Katika utafiti wa kufuatilia hakuna anayekubadilishia dawa. Unatibiwa chini ya mwongozo wa Wizara ya Afya kama mgonjwa mwingine yeyote, na yanayokupata huandikwa mwaka baada ya mwaka: uzani, CD4 (chembe za kinga katika damu), kiwango cha virusi, maradhi mapya, mimba, kuhama, kifo.

Jaribio huchukua watu waliochujwa, na wengi wao hufuatwa kwa mwaka mmoja au miwili tu. Ufuatiliaji huwachukua watu walivyo: mvuvi anayehamahama kati ya fuo za Ziwa Victoria, mama muuza mboga wa Kibuye, mwanafunzi wa bweni anayeficha tembe ndani ya soksi. Udhaifu wake ni kwamba mgonjwa akibadilisha dawa, huenda alibadilishiwa kwa sababu tayari alikuwa hoi. Akifa, si haki kuilaumu dawa mpya. Sehemu kubwa ya kazi ya mtakwimu ni kutenganisha mambo hayo mawili.

Tafiti zenyewe ni zipi huku kwetu?

Mpango wa AMPATH ulianza mwaka 2001 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi iliyoko Eldoret na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Kliniki zake za kwanza za VVU zilikuwa Eldoret na Mosoriot. Upande wa Nyanza kuna mpango wa FACES, ulioanzishwa na KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, pamoja na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na kliniki ya Lumumba mjini Kisumu ilikuwa mojawapo ya nguzo zake. Rekodi za mipango hii miwili, bila majina, huingia katika IeDEA, mtandao wa data za VVU, tawi la Afrika Mashariki, pamoja na za vituo vya Uganda na Tanzania. Uko pia utafiti wa AFRICOS, ulioanza mwaka 2013, ambao una vituo Kericho na Kisumu Magharibi.

Sababu ya tafiti nyingi kujaa huku si fumbo. Uchunguzi wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 4.9 ya Wakenya wa umri wa miaka 15 hadi 64 wanaishi na VVU; katika Kaunti ya Kisumu ilikuwa asilimia 17.5.

Nikikubali, siku ya kwanza hufanyika nini?

Kwanza unasomewa fomu ya ridhaa kwa lugha unayoielewa, iwe Dholuo, Kiswahili au nyingine. Dai lugha yako. Usitie sahihi kwa kuona haya. Asiyejua kusoma huweka alama ya kidole gumba mbele ya shahidi asiye mfanyakazi wa utafiti. Unabaki na nakala, ingawa unaweza kuiacha kliniki ukihofia ionekane nyumbani.

Kisha unapewa nambari ya utafiti, ambayo si ile ya CCC. Unaulizwa historia ya dawa zako zote, ikiwemo miezi uliyoacha. Unapimwa uzani, urefu na shinikizo la damu, kisha unatolewa damu. Mwisho unaulizwa maelekezo ya kwako: simu, mtaa, alama ya jirani kama posho mill au kanisa, na jina la mtu mmoja au wawili wanaoweza kuulizwa ukipotea. Taja yule anayejua hali yako, au sema waziwazi kwamba hajui, ili anayekutafuta ajue aseme nini.

Damu inatolewa kiasi gani, na kwa nini wakati mwingine majibu hayarudi?

Kipimo cha kiwango cha virusi huhitaji chupa moja ndogo yenye kifuniko cha zambarau, mililita 4 au 5, karibu sawa na kijiko cha chai. Utafiti unaweza kuongeza chupa za figo, ini, sukari, mafuta na akiba ya baadaye. Fomu ya ridhaa lazima itaje jumla. Isipotaja, uliza kabla ya kunyoosha mkono.

Majibu hupotea kwa mambo madogo sana. Chupa isipopinduliwa polepole mara kadhaa baada ya kujazwa, damu huganda. Plazma, yaani maji ya damu, isipotenganishwa na chembe ndani ya saa 24, sampuli hukataliwa. Kituo kilicho mbali kikikosa umeme wa mashine ya kuzungusha damu, au pikipiki ya kubeba sampuli ikikwama Ijumaa, kazi ya siku nzima imekwisha. Lakini kosa linaloudhi kuliko yote ni nambari ya kwenye chupa kutolingana na ya kwenye fomu kwa tarakimu moja. Maabara kama ya KEMRI kule Kisian haina namna ya kujua ipi ni sahihi, hivyo huitupa sampuli, na wewe unaitwa tena.

Majibu yenyewe yanasomwaje?

Hesabu ni ya nakala za virusi katika mililita moja ya damu. Kwa maelezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023, asiyeonekana virusi kwenye kipimo hamwambukizi mpenzi wake kabisa. Mwenye virusi vinavyoonekana lakini visivyozidi 1,000, hatari yake ya kuambukiza iko karibu na sifuri. Aliye juu ya 1,000 hajadhibiti virusi. Kenya ni kali zaidi na huanza kukufuatilia chini ya kiwango hicho, kwa sababu virusi vichache visivyokwisha mara nyingi ndio mwanzo wa usugu, yaani virusi kuacha kusikia dawa.

Karatasi nyingi za majibu huandika LDL, yaani virusi viko chini ya kiwango ambacho mashine inaweza kuona. Angalia usichanganye na LDL ya mafuta ya damu, ambayo siku hizi hukaa kwenye faili hilohilo. Hata makarani huzichanganya.

Kipimo kikipanda mara moja, usikimbilie kusema dawa zimeshindwa. Hushughulikiwa kwa ushauri wa umezaji, kisha kurudia kipimo baada ya takriban miezi 3 ya kumeza vizuri. Kikibaki juu, hapo ndipo mazungumzo ya kupima usugu au kubadilisha dawa huanza.

Nikiwa LDL miaka mitano, naweza kupumzika kidogo na dawa?

Hapana. Jaribio la SMART la watu 5,472, lililotangazwa mwaka 2006, liliwapumzisha baadhi yao kila CD4 zilipopanda. Waliopumzishwa walipata maradhi nyemelezi au kifo zaidi ya mara mbili ya wenzao, na hata matatizo ya moyo, figo na ini yaliongezeka.

Kwa nini mnanitafuta nikikosa kliniki? Si ni uamuzi wangu?

Ni uamuzi wako, na unaweza kutuambia hivyo tukakuacha. Lakini elewa ni kwa nini swali hili ndilo roho ya utafiti wote.

Chukua mfano wa hesabu tu. Watu 1,000 wameanza ARV katika kliniki moja. Baada ya miaka 3, daftari linaonyesha 760 bado wanahudhuria, 40 wamekufa, na 200 hawajulikani waliko. Ukisoma daftari hivyohivyo utasema vifo ni asilimia 4 na waliobaki kwenye matibabu ni asilimia 76.

Sasa wachague kwa kura 50 kati ya wale 200, uwatume watu wa boda boda na simu hadi wapatikane wote. Tuseme 10 wamekufa, 30 wanachukua dawa kliniki nyingine bila kuaga, na 10 wameacha kabisa. Zidisha kwa 4 ili irudi kwa wote 200: vifo 40 zaidi, waliohamia kwingine 120, walioacha 40. Vifo vya kweli ni 80, yaani asilimia 8, mara mbili ya daftari. Walioko kwenye matibabu ni 880, asilimia 88. Daftari lilidanganya kote kuwili: lilificha nusu ya vifo na papo hapo likawaita watoro watu 120 ambao wanameza dawa zao vizuri.

Njia hii ya kutafuta wachache waliochaguliwa kwa kura, badala ya kuwakimbiza wote nusunusu, imetumiwa sana katika kliniki za AMPATH na kwingine Afrika Mashariki, na matokeo yake yamefuata mkondo huohuo: vifo vingi kuliko vilivyoandikwa na uhamiaji wa kimyakimya mwingi kuliko ulivyodhaniwa. Masharti ni mawili. Wateule lazima watoke kwa kura, si wale wanaoishi karibu na lami. Na lazima wapatikane karibu wote, kwa sababu asiyepatikana hata baada ya msako kwa kawaida hafanani na aliyepatikana.

Pia uliza kila mara "aliyepotea" amehesabiwaje. Zamani mipango mingi ilingoja siku 90 baada ya tarehe ya kliniki; siku hizi wengi hutumia 28 au 30. Kliniki ileile, watu walewale, na asilimia ya waliopotea inapanda kwa kubadilisha kipimo tu. Ripoti isiyosema ilitumia siku ngapi, iweke kando.

Anayekuja kukutafuta haruhusiwi kusema VVU mlangoni. Anajitambulisha kwa jina lake tu, bila sare wala gari lenye nembo. Akikiuka, mshtaki kwa kamati ya maadili iliyotajwa kwenye fomu yako.

Ufuatiliaji huu umewahi kubadilisha nini kwenye dawa ninazomeza?

Mengi, ingawa majaribio na ufuatiliaji hufanya kazi kwa zamu. Jaribio la HPTN 052, lenye wenzi 1,763 na Kisumu ikiwa mojawapo ya vituo vyake, lilionyesha mwaka 2011 kwamba kuanza ARV mapema hupunguza maambukizi kwa mwenzi kwa asilimia 96. Jaribio la START la watu 4,685 likathibitisha mwaka 2015 kwamba kuanza mara moja, CD4 zikiwa bado juu, hupunguza maradhi makubwa na vifo kwa zaidi ya nusu. Mwaka uliofuata Kenya ikaanza kumpa dawa kila anayepatikana na VVU bila kungoja CD4 zishuke.

Lakini madhara ya pole pole hayaonekani kwenye jaribio la mwaka mmoja. Stavudine, mojawapo ya ARV za zamani, ndiyo iliyowaokoa watu wengi hapo mwanzo, kisha ikaonekana jinsi ilivyonyonya mafuta usoni na kuchoma neva za miguu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri iachwe hatua kwa hatua.

Kisa cha dolutegravir, mojawapo ya dawa tatu zilizo katika tembe ya TLD, kinafundisha zaidi, na wanawake wengi wa huku kilikwisha kuwagusa. Mwaka 2018 ufuatiliaji wa uzazi wa Tsepamo huko Botswana ulikuta watoto 4 wenye kasoro ya uti wa mgongo kati ya 426 ambao mama zao walikuwa wakiitumia waliposhika mimba. Kiwango cha kawaida ni kama mtoto 1 kati ya 1,000. Kenya, kama nchi nyingine, ikawazuilia dawa hiyo wanawake wa umri wa kuzaa. Botswana haikuacha kuhesabu. Mwaka uliofuata walikuwa 5 kati ya 1,683, na kufikia 2022 tofauti ilikuwa imetoweka. Wangeacha kuhesabu 2018, nusu ya wagonjwa wangebaki na dawa hafifu zaidi kwa sababu ya watoto wanne. Lakini wasingepaza sauti 2018, na hatari ingekuwa ya kweli, tungelia. Kwa maoni yetu walifanya sawa mara zote mbili.

TLD inaninenepesha. Ni kweli au ni chakula?

Yote mawili yanawezekana. Tembe ya TLD ina tenofovir miligramu 300, lamivudine 300 na dolutegravir 50. Jaribio la ADVANCE la Johannesburg lilionyesha ongezeko la uzani kwa watumiaji wa dolutegravir, hasa wanawake. Sehemu yake ni mwili kurudia hali yake baada ya ugonjwa, na sehemu ni kwamba efavirenz, ARV ya zamani, ilikuwa ikizuia watu kunenepa. Ndiyo maana uzani, shinikizo na sukari hupimwa kila mara, na ndiyo maana mizani mibovu ni janga: vua viatu na sweta kila ziara, au usilinganishe.

Mambo ya kumwambia daktari bila kuulizwa:

- Unameza metformin ya kisukari. Pamoja na dolutegravir, kwa kawaida haipiti miligramu 1,000 kwa siku.
- Umeanzishiwa dawa za TB zenye rifampicin. Utahitaji dolutegravir miligramu 50 nyingine, saa 12 baada ya ile ya kwanza.
- Unatumia dawa ya kiungulia, kalsiamu au ayoni (tembe za madini ya chuma). Meza TLD saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Wajawazito wanaopewa ayoni kliniki husahau hili mno, kisha kiwango cha virusi kinapanda na kila mtu anamlaumu mama kwamba hamezi.

Kreatini, taka ya damu inayoonyesha hali ya figo, ikipanda kidogo wiki za kwanza za dolutegravir, mara nyingi figo ni nzima. Dawa hiyo huzuia tu njia moja ya kuitoa. Ikiendelea kupanda, hapo tenofovir ndiyo ya kuangaliwa.

Ujumbe wa simu wa kukumbusha dawa unasaidia?

Unategemea namna. Katika jaribio la Chulaimbo, kituo cha mashambani karibu na Kisumu, asilimia 53 ya waliopata ujumbe mara moja kwa wiki walifikia umezaji wa asilimia 90 au zaidi, dhidi ya asilimia 40 ya wasiopata. Ujumbe wa kila siku haukusaidia. Watu huchoka nao. Jaribio jingine, la Nairobi na Kajiado, lilituma "Mambo?" kila wiki, na mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida". Aliyejibu shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu. Virusi vilidhibitiwa kwa asilimia 57 ya waliotumiwa ujumbe, dhidi ya 48 ya wasiotumiwa. Tunaona kilichosaidia hapo si saa ya kumeza kukumbushwa. Kulikuwa na mtu upande wa pili.

Sisi tunaojaza fomu, ni makosa gani yanayoharibu zaidi?

Karibu yote ni ya tarehe. 05/06 imesomwa Mei 6 au Juni 5? Andika mwezi kwa herufi. Tarehe ya kifo si tarehe uliyoletewa habari. Acha nafasi ya zote mbili. Rekodi zikirundikana Januari 1, ujue mtu alikuwa akikisia.

Pili, "mgonjwa mpya" asiye mpya. Mtu anaogopa kugombezwa, anasema hajawahi kutumia ARV. Dalili yake ni mgeni ambaye kipimo cha kwanza kabisa kinatoka LDL. Mwulize upya kwa upole, faraghani. Usipouliza, utafiti utamhesabu kama aliyepona kwa muujiza.

Tatu, nafasi tupu. Pasipo alama kwenye kikohozi, hatujui kama hakuna kikohozi au hakuulizwa. Tia "hapana".

Nne ni la wachambuzi. Usiwalinganishe wanaochukua dawa za miezi 6 na wengine kuanzia siku walipoanza ARV. Ili kuingia kundi hilo ilibidi kwanza waishi na wadhibiti virusi, kwa hiyo miezi ile hawangeweza kufa wakiwa humo. Saa ianze siku walipoingia kwenye kundi, na wale wa kulinganishwa nao wawe pia waliofikia vigezo siku hiyo.

Siri yangu inalindwaje?

Orodha inayounganisha jina na nambari ya utafiti hufungiwa mbali na data, na data inayotoka nje ya kituo haina jina. Kila utafiti huhitaji kibali cha kamati ya maadili, kama ile ya KEMRI au ile ya Chuo Kikuu cha Moi na hospitali yake ya rufaa, pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na UKIMWI ya mwaka 2006 inakataza kutangaza hali ya mtu bila ridhaa na iliunda mahakama maalumu ya kusikiza malalamiko hayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua kilichoandikwa juu yako.

Nikikataa, nitanyimwa dawa?

La. ARV ni haki yako CCC, utafiti au bila utafiti.

Mnalipa?

Nauli ya ziara za ziada, na pengine chai. Kiasi huidhinishwa na kamati ya maadili, kisiwe kikubwa hadi kimnunue mtu.

Pesa za wafadhili zikikatika?

Si swali la kubuni tena. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na makarani wa data, washauri nasaha na watafutaji wa wagonjwa wengi walikuwa wakilipwa kwa pesa hizo. Huduma za CCC nazo zimekuwa zikiunganishwa na kliniki za kawaida. Kwa utafiti, hatari ni pengo: mtu aliyekosa kuandikwa kwa miezi minne anaonekana kama aliyetoroka. Kwako jambo la maana ni kuweka nakala yako. Piga picha ya kadi, dawa unazotumia na kipimo cha mwisho cha virusi pamoja na tarehe yake.

Kijana wangu alizaliwa na VVU. Akifika miaka 18 inakuwaje?

Ridhaa uliyotoa wewe kwa niaba yake inakoma. Lazima aombwe yeye mwenyewe, na anaweza kukataa. Wengi hupotelea hapo, wanapotoka kliniki ya watoto kwenda ya wakubwa au shule ya bweni. Afadhali akutane na muuguzi wa upande wa pili kabla hajahamishwa, si baada.

Nahamia Nakuru kikazi. Nifanye nini?

Omba barua ya uhamisho wiki mbili kabla, na ya utafiti iwe kando na ya CCC. Barua iwe na nambari yako ya CCC yenye tarakimu 10 (tano za kwanza ni za kituo ulichoanzia), tarehe uliyoanza ARV, dawa zote ulizowahi kutumia, kipimo cha mwisho cha virusi, na kama ulimaliza dawa za kuzuia TB. Ondoka na tembe za mwezi mmoja angalau.

Ukifika, usikubali kusajiliwa upya kama mgeni hata kama ni rahisi kwa karani. Sisitiza waandike nambari ya zamani, la sivyo utakuwa watu wawili, mmoja akiendelea vizuri Nakuru na mwingine akiwa ametoroka Kisumu. Ikiwa umeshahama bila barua, usirudi nyuma kwa aibu: piga simu kliniki ya zamani, toa tarehe yako ya kuzaliwa na jina la kituo kipya, na waombe wakuandike kuwa umehamia.